Tung'oe Mgomba Mgonjwa, Tupande Mche Safi

Masomo: Mhubiri 3:1-8, Yeremia 29:4-7, Mathayo 13:24-30, Luka 13:6-9

Wapendwa ndugu na dada katika Kristo,

Tunawasalimu ninyi mlio hapa Lobule, na ninyi mnaosomewa ukurasa huu huko Rhino Camp, Imvepi na Arua mjini. Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mvua, kwa ajili ya watoto waliorudi shuleni, na kwa ajili ya wagonjwa wetu ambao baadhi yao wamesimama tena.

Mwezi huu tunataka kusema nanyi juu ya migomba. Msishangae. Bwana wetu naye alifundisha kwa mbegu, kwa mzabibu na kwa mtini, kwa sababu waliomsikiliza walikuwa watu wa shamba kama sisi. Tena jambo hili la migomba si mfano tu. Ni kazi inayotungoja nyuma ya nyumba zetu, na sisi viongozi wa kanisa ndio tunaopaswa kuanza, tena kuanza kwa kuungama.

YALIYOTOKEA

Ninyi nyote mnaijua migomba iliyoko nyuma ya kanisa. Mche wa kwanza ulivuka mpaka kichwani mwa mama mmoja mzee wa kanisa hili, umefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Aliacha nyumba, akaacha mbuzi, akaacha kaburi la mumewe. Mche huo aliuchukua kwa sababu mumewe ndiye aliyepanda shina ulikotoka. Yalikuwa makemba ya kwao. Mche ulipokua na kuzaa watoto, mama alitutolea mtoto mmoja, nasi tukaupanda kanisani. Shina moja likawa mashina kumi na mawili.

Ndipo tukaweka desturi. Kila familia iliyoleta mtoto kubatizwa, na kila bwana na bibi arusi, walipewa mche mmoja kutoka bustani ya kanisa, waende kuupanda kwao. Tuliipenda desturi hiyo. Mtu ambaye hana kitu cha kutoa hufurahi sana anapopata cha kutoa.

Mwaka jana majani yalianza kubadilika. Majani mapya yalitoka mafupi na membamba, yakasimama wima, yakabanana kileleni kama ufagio. Kingo zake zikawa njano. Mikungu haikutoka. Sisi tukadhani udongo umechoka. Tukaweka samadi ya mbuzi, tukaweka majivu, tukaomba. Mwisho akaja afisa wa kilimo. Hakukaa muda mrefu. Alivunja kikonyo cha jani akatuonyesha mistari ya kijani kibichi iliyokolea, mingine mifupi kama nukta, mingine mirefu kidogo, kama mtoto anayejaribu kalamu. Akasema, "Migomba hii haitazaa tena. Yote ing'olewe." Kisha akauliza swali moja: "Miche ya hapa mmewapa nani?"

Tulifungua daftari la ubatizo na la ndoa, tukahesabu. Familia ishirini na tatu.

Wapendwa, tunaomba mtusamehe. Tuliwapa zawadi mbele ya madhabahu, na zawadi hiyo ilikuwa na ugonjwa ndani yake. Hatukujua. Lakini kutojua kwetu hakukuizuia migomba yenu kuugua, wala hakutailisha familia yoyote.

UGONJWA WENYEWE

Ni vizuri kila nyumba iuelewe ugonjwa huu, maana asiyeujua atauita uchawi, na akiuita uchawi atamtafuta jirani wa kumlaumu. Si uchawi. Wataalamu wanauita banchi topu. Unaletwa na virusi ambavyo macho hayawezi kuviona. Virusi hivyo husafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni vidukari, wadudu wadogo wa rangi ya kahawia nzito wanaojificha kati ya maganda ya mgomba, chini karibu na udongo na juu katika jani ambalo halijakunjuka. Wadudu hao hufyonza utomvu wa mgomba mgonjwa, kisha wakahamia kwenye mgomba mzima. Ukiona siafu wadogo au sisimizi wanapanda na kushuka mgomba, chungulia vizuri, mara nyingi wanafuata utamu unaotoka kwa vidukari.

Njia ya pili ni sisi wenyewe. Mtu anang'oa mtoto wa mgomba mgonjwa, anampelekea ndugu yake. Ugonjwa ukishaingia katika shina, unaenea katika tunguu lote, na kila mtoto atokaye hapo ameubeba, hata kama bado ana majani mazuri ya kupendeza. Hakuna dawa ya kuuponya.

Ugonjwa huu umekuwapo Kongo kwa muda mrefu, uliripotiwa huko tangu mwaka 1958. Kwa upande wa Uganda, watafiti walitangaza mwaka 2021 kwamba umeonekana kwa mara ya kwanza, na mahali ulipoonekana ni huku kwetu West Nile, upande wa mpaka wa Kongo. Hatusemi kwamba wakimbizi ndio walioleta. Mpaka huu watu wa pande zote mbili huuvuka kila siku ya soko, na Mkakwa wa Koboko ana shangazi Ingbokolo. Lakini hatuwezi pia kusema kwamba mikono yetu ni safi. Daftari letu la ubatizo linatushuhudia.

Wala si sisi wa kwanza. Mwaka 1913 hivi, ugonjwa huu uliingia Australia pamoja na miche iliyotoka visiwa vya Fiji. Kufika katikati ya miaka ya 1920, mashamba ya ndizi katika maeneo yaliyoshikwa yalikuwa karibu kufa kabisa. Mtafiti mmoja, Magee, alionyesha katika miaka hiyo kwamba vidukari ndio wanaoueneza. Hawakupata dawa. Walichofanya ni kukubaliana, tena kwa sheria, kwamba kila mgomba mgonjwa ung'olewe na kila anayepanda apande mche uliokaguliwa. Ndizi zikarudi. Angalieni, wapendwa: hawakuokolewa na mkulima mmoja hodari. Waliokolewa kwa sababu majirani waling'oa pamoja.

Sasa tusikie Neno la Mungu linatuambia nini katika jambo hili.

1. KILE TUNACHOKIPENDA KINAWEZA KUBEBA UGONJWA

Mhubiri anatufundisha kwamba kuna majira ya kupanda, na kuna majira ya kuondoa kile kilichokwisha pandwa. Tunalipenda neno la kwanza. La pili hatulipendi. Mkimbizi amekwisha ng'olewa mara moja. Ukimwambia ang'oe tena, moyo unakataa.

Wazee wetu wanao msemo: usiache mbachao kwa msala upitao. Ni msemo wa hekima. Wengi wetu tumeona misala ikipita: mradi unakuja na mbegu na fulana, unapiga picha, unaondoka. Kwa hiyo mzee anaposhika kilicho chake cha zamani, hatumcheki. Lakini wazee haohao walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Misemo yote miwili ni ya kwetu. Mbacha wa zamani tunautunza kwa sababu unatufaa. Ukiwa na kunguni, tunautoa nje.

Wapendwa, hatukubeba migomba tu kutoka nyumbani. Tulibeba nyimbo, tukabeba lugha, tukabeba imani, na vitu hivyo ni vizima, tuwape watoto wetu kwa mikono miwili. Lakini tulibeba na vitu vingine. Tulibeba hesabu ya nani aliua nani. Tulibeba majina ya dharau tunayowaita watu wa kabila lingine. Vita vya Ituri vya miaka ya 1999 hadi 2003, na mauaji yaliyoanza tena mwishoni mwa 2017, vimeacha jeraha katika nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu. Jeraha hilo ni la kweli, wala hakuna mhubiri mwenye haki ya kumwambia mama aliyezika watoto wake asahau.

Lakini tazameni watoto. Tuna watoto waliozaliwa hapa hapa Koboko. Hawajawahi kuuona mto wa kijiji chetu. Hawajawahi kumwona hata mmoja wa wale tunaowaita adui. Hata hivyo, siku moja pale bombani tulimsikia mtoto wa miaka saba akimwambia mwenzake, "Ninyi ndio mliochoma nyumba yetu." Nyumba gani? Yeye hakuwa amezaliwa. Nani alimpa mche huo? Tulimpa sisi, jioni, pembeni ya moto, tukidhani tunamsimulia habari za kwao. Majani yake bado ni mazuri. Mistari imeanza kuonekana kwenye kikonyo.

2. KUKATA MAJANI SI KUNG'OA

Afisa wa kilimo alipoondoka, baba mmoja katika kamati yetu alitoa shauri: tukate majani yote mabaya, tuache mashina, labda yatachipua vizuri. Ni shauri la mtu mwenye njaa, na hatumlaumu. Mgao wetu ulipunguzwa Aprili 2020, ukapunguzwa tena Februari 2021, na mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu, kundi moja likaachwa bila kitu. Nani katika hali hiyo anang'oa mgomba?

Lakini mgomba uliokatwa majani unarudi na ugonjwa uleule, maana ugonjwa haumo katika majani peke yake. Umo katika tunguu. Na muda wote huo vidukari wanapanda shambani kwa jirani.

Toba nyingi tunazofanya kanisani ni za kukata majani. Mtu analia Jumapili, Jumatatu anaamka na jambo lile lile. Hatumdanganyi Mungu. Yeye aliyeona moyo wa Daudi nyuma ya nguo za kifalme anaona tunguu chini ya udongo. Zakayo hakusema tu kwamba anasikitika. Alitaja atakachorudisha, na kwa kiasi gani, na kwa nani. Toba yake ilikuwa na hesabu ndani yake. Ndiyo maana nasi, badala ya kutangaza tu kwamba kanisa linasikitika, tumechukua lile daftari na kuanza kwenda nyumba kwa nyumba, zote ishirini na tatu, tukiwa na majembe.

Na mwenye kuuliza atauliza: je, katika Luka 13 mtunza shamba hakuuombea mtini ule mwaka mmoja zaidi? Aliuombea, naye alifanya vema. Tunamsifu Mungu kwa mwaka huo, maana wengi wetu tunaishi ndani yake. Lakini tuusome mfano kwa uangalifu. Mtini ule haukuzaa, ila haukuwaambukiza wengine. Na mtunza shamba hakuomba ili akae kitako. Aliahidi kulima na kuweka mbolea, tena alikubali kwamba mwisho wa mwaka jambo litaamuliwa. Subira ya Mungu ni nafasi ya kufanya kazi, si kisingizio cha kuahirisha.

3. WATU HAWANG'OLEWI

Hapa tunaomba msikilize kwa makini kuliko mahali pengine pote, kwa sababu neno hili la kung'oa limetumiwa vibaya.

Kule tulikotoka tuliwasikia watu wakiwaita binadamu wenzao magugu. Tuliwasikia wakisema ukoo fulani ni mzizi mbaya. Tunajua kilichofuata. Wengine wetu tulikimbia usiku huo huo.

Kwa hiyo tusikie Bwana wetu alisemaje katika Mathayo 13. Watumishi walipotaka kwenda kung'oa magugu katika ngano, mwenye shamba aliwakataza. Aliona wataing'oa na ngano. Akaagiza viachwe vyote vikue hadi mavuno, na wavunaji watakuwa malaika, si sisi. Juu ya watu, jembe letu limekatazwa. Mlendu si mgomba, Mhema si mgomba, Mdinka na Mnuer na Mlugbara na Mkakwa si migomba. Kila mmoja ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na mgonjwa kati yao anatafutiwa tabibu.

Tunachong'oa ni chuki iliyo ndani yetu wenyewe, katika bustani yetu wenyewe. Mtu asichukue mahubiri haya akaenda nayo kwenye uwanja wa jirani. Hata kwa migomba tumeamua hivyo: hakuna atakayegusa shina la mtu bila ruhusa yake.

4. MAMA NA SHINA LAKE

Mmoja wa hao ishirini na tatu, au tuseme wa kwanza kabla yao, ni yule mama aliyeuleta mche. Shina lake nalo limeugua. Tulikwenda kwake watu wanne. Alituletea vigoda, tukakaa. Tulipomaliza kueleza, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu Pasta, kila kitu kimekwisha ng'olewa. Na hiki pia?"

Hatukuwa na jibu. Tunakiri kwamba tulikuwa tumetayarisha mistari ya Biblia, na hatukuisoma. Tuliomba pamoja naye, tukarudi nyumbani na majembe yetu bila kuchimba kitu.

Tulirudi baada ya wiki mbili, kumsalimu tu. Tukakuta amekwisha waita wajukuu na ameanza mwenyewe. Alikuwa amekata majani makavu ya zamani, yale yaliyokuwa yamening'inia shinani, ameyachambua na kusokota ngata. Ngata hiyo ndiyo anayochotea maji hivi sasa. Akatuambia upande wa pili wa uwanja wake kuna jirani mwenyeji aliyempa ardhi ya kulima mihogo, na migomba ya jirani huyo bado ni mizima. "Alinipa ardhi," akasema. "Mimi nimpe ugonjwa?"

Wapendwa, hilo ndilo jambo ambalo Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli. Aliwaambia wajenge, wapande bustani, wale matunda yake. Na mara moja akaongeza kwamba wautafute usitawi wa mji ule waliopelekwa, kwa maana usitawi wao umefungwa pamoja na wa mji. Wenyeji wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa Koboko na Arua walikimbia kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan. Wazee wao walilima katika ardhi ya wazee wetu. Leo sisi tunalima katika ya kwao. Vidukari hawaujui mpaka wa uwanja wa mita 30 kwa 30, wala hawaulizi kadi ya mkimbizi. Mgomba mgonjwa nyumbani kwangu ni njaa nyumbani kwa mwenyeji wangu.

5. ARDHI TUPU NA MCHE SAFI

Mkisha kung'oa, kitakachowaumiza zaidi ni lile shimo. Asubuhi utatoka nje, utaona mwanga mahali palipokuwa na kivuli. Usikimbilie kulijaza na mche wowote unaouzwa sokoni. Virusi hivi havikai katika udongo wenyewe, lakini vinakaa katika kila kipande cha tunguu kilichobaki na kuchipua. Kwa hiyo ni lazima kungoja na kukagua. Wakati wa kungoja, panda maharage, panda mahindi, panda dodo. Kungoja kwa mkulima si kukaa bure, na kungoja kwa Mkristo vilevile. Hata kaburi la Bwana wetu lilikuwa na siku ya Jumamosi.

Kisha tutapanda mche safi. Baadhi yenu mmesikia juu ya ndizi mpya za utafiti. Ni kweli zipo. Watafiti wa NARO pale Kawanda walitoa mwaka 2010 ndizi mpya ya kupika iitwayo Kiwangaazi. Katika Kiganda jina hilo lina maana ya kudumu au kuishi siku nyingi. Inazaa vizuri na inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Wazee wamekwisha kulalamika kwamba si makemba, na wana haki, si makemba. Lakini tusidanganyike na jina. Ndizi hii haijaletwa kuwa dawa ya banchi topu, na hata yenyewe ukiipanda karibu na shina gonjwa, utaichimba tena. Upya wa aina hautoshi. Linalotakiwa kwanza ni usafi wa mche, hata kama ni makemba yale yale ya nyumbani yaliyotoka mahali palipokaguliwa.

Ndivyo ilivyo katika mambo ya roho. Kuhama dhehebu, kubadilisha jina, hata kuhamishwa kwenda nchi ya tatu, hakumfanyi mtu kuwa mpya ikiwa alipanda pembeni ya tunguu lile la zamani. Uhai mpya tunapewa na Kristo. Hatuutengenezi wenyewe kwa kuchipua kutoka katika uchungu wetu. Yeye ndiye mche usio na ugonjwa, uliotolewa bure, na watoto wanaotoka kwake ni wazima.

TUNAYOKUBALIANA KUFANYA

Kamati ya kanisa imekubali mambo haya, nasi tunaomba kila nyumba iyashike:

Kwanza, kabla ya kung'oa, mwagia kilele na maganda ya mgomba mgonjwa maji yenye sabuni nyingi, ili vidukari wafe wasihamie kwa jirani. Ukiangusha mgomba kwanza, watatawanyika.

Pili, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake, hata wale wanaoonekana wazima. Chimba tunguu, ulikate vipande vidogo, uvianike juani vikauke. Usivitupe mtoni wala njiani.

Tatu, kagua shimo kila wiki. Kikichipua kitu, kichimbe.

Nne, mtu yeyote asitoe wala kupokea mche wa mgomba, hata kwa ndugu, hata kutoka ng'ambo ya mpaka, mpaka mahali ulikotoka pamekaguliwa. Desturi ya kanisa ya kutoa miche tumeisimamisha. Wanaobatizwa msimu huu watapewa mbegu za maharage.

Tano, kwa miche safi tutamuuliza afisa wa kilimo wa wilaya, na ndugu wa Arua watatuulizia katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi. Mche usiojulikana ulikotoka tutaukataa hata ukiwa wa bure.

Sita, kijana mwenye nguvu amsaidie mjane na mzee. Kuchimba tunguu si kazi ya mtu mmoja.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni jambo gani jema tulilolibeba kutoka nyumbani ambalo tunataka watoto wetu walirithi?
2. Ni jambo gani tulilolibeba ambalo tunaona limeanza kuonekana katika maneno ya watoto wetu?
3. Je, kuna mtu tuliyemdhuru bila kujua? Tutakwenda kwake lini, na tutachukua nini mikononi?

TUOMBE

Ee Mungu Baba yetu, wewe ulipanda bustani ya kwanza, nawe uliwaona wazazi wetu wakitolewa humo. Unajua kung'olewa ni nini. Utusamehe yale tuliyowapa wengine kwa moyo mwema na kumbe yalikuwa na ugonjwa. Utupe mikono ya kuchimba hadi chini. Uzuie jembe letu lisimguse mtu. Uwabariki wenyeji waliotupa ardhi, na migomba yao iwe mizima. Na katika siku za ardhi tupu, usituache peke yetu. Utupandie mche safi, Yesu Kristo Mwana wako, ndani yetu na ndani ya watoto wetu. Amina.

Neema na iwe pamoja nanyi nyote.

Sisi watumishi wenu katika shamba la Bwana.